Nazi Zilizoanguka Zenyewe

Mnazi wa baba umekatwa. Dada yangu Kadzo alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Ganda akasema watu wa msumeno walikuja asubuhi, wakauangusha na kwenda zao, na kwamba kama nataka kuuona niende kabla haujapasuliwa mbao. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayekuarifu kuwa mvua imenyesha. Nilikuwa jikoni kwangu Kilifi, nimekalia mbuzi nikikuna nazi, na baada ya kukata simu sikuweza kuendelea kukuna. Kesho yake nikaenda.

Niliukuta umelala kukatiza ua mzima, mrefu kuliko nilivyoukumbuka, kilele chake kimevunjika karibu na mahali palipokuwa jiko la Hawe. Hawe ndiye bibi yetu mzaa baba. Vidato vilikuwa bado vipo, yale mapengo madogo ambayo mgema huyachonga katika gogo ili apate pa kukanyaga anapopanda. Baba alivichonga mwenyewe, kimoja kulia, kimoja kushoto, mpaka juu. Nilivua kiatu nikaingiza vidole vya mguu katika kimojawapo, na vikaenea barabara. Basi nikaketi juu ya gogo lile, mwanamke mzima mwenye miwani na dawa za presha mkobani, nikalia. Na hata nilipokuwa nikilia, sikio langu moja lilikuwa likisikiliza. Mtu aliyekulia nyumba nyingine hawezi kujua nilikuwa nasikiliza nini.

Baba alikuwa mgema wa tembo, na kwa maoni yangu ya wakati ule hapakuwa na kazi ya heshima kuliko hiyo. Walimu walitembea chini kama sisi wengine. Baba alipanda juu alfajiri na jioni, kotama yake ya kukatia iko kiunoni na kibuyu begani, akashuka na kinywaji ambacho watu wazima walikisubiri kwa unyenyekevu. Alinuka tembo asubuhi, lile tamu la usiku kucha, na alinuka tembo jioni, lile lililokwisha kuwa kali. Mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya ngozi yake aliyozaliwa nayo.

Alikuwa na adabu moja ya kazi. Akiwa juu ya mnazi alipiga mluzi bila kukoma. Mgema akiwa kileleni huona kila ua, na mabafu yetu ya makuti hayakuwa na paa, kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akioga akisikia mluzi alijua achutame na kujisitiri. Wanawake wa Ganda walimpenda kwa mluzi ule. Wanaume walimtania kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye aliwajibu kuwa wamemsifu miaka yote na bado hawajaonja maji. Mama alicheka sana enzi hizo. Naliandika hili makusudi, maana waliomjua mama baadaye tu hawataliamini.

Siku aliyoanguka mimi nilikuwa shuleni, katika foleni ya maziwa, yale ya pakiti zenye pembe. Kadzo alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakwenda shule siku hiyo kwa sababu ya homa. Ndiye aliyekuwa chini ya mnazi akingoja kupokea kibuyu. Aliwaambia watu kwamba mluzi ulikatika kwanza, kisha ndipo akasikia kishindo. Basi, hakusema zaidi, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Waombolezaji walimwona mjane wakamkumbatia, wakamwona mzazi aliyefiwa na mwana wakamkumbatia, wakaniona mimi mdogo wakanipakata. Yeye aliyesikia kile kishindo walimpa madebe akateke maji ya wageni.

Hanga, yaani matanga yetu, yalipokwisha na mikeka kukunjwa, Hawe alituweka sote mbele yake. Sijui kama aliyotuambia ni mila ya Wagiriama au yalikuwa ya Hawe peke yake. Nimewauliza wazee wengi tangu hapo na sijampata hata mmoja aliyewahi kuyasikia. Alisema mtu aliyekufa kwa kuanguka hajui kwamba amekufa. Yuko palepale chini ya mti, ameduwaa. Akisikia watu wake wanalia, hudhani wanalia kwa sababu kazi haijafanywa na nyumba ina njaa. Basi huinuka akapanda tena. Na akipanda, huanguka tena.

"Kila chozi ni safari moja ya juu," alisema Hawe. "Msimpandishe mwanangu. Ametosha."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi niliitikia. Kadzo alikuwa akitazama miguu yake, na nakumbuka alikuwa amekunja vidole vya miguu kwa ndani.

Sasa kuna jambo moja lazima lieleweke. Baada ya msiba hakuna mtu aliyethubutu kuupanda mnazi ule. Baba mdogo Charo, ndugu wa baba, ndiye aliyeirithi kazi, akaipanda minazi mingine yote akauacha huo. Kwa hiyo nazi zake hazikuangushwa na mtu. Zilikomaa, zikakauka, zikaanguka zenyewe kwa saa zilizotaka zenyewe. Mara kwa mara tulikuwa tumekaa mchana, jua limesimama, hakuna upepo, kuku wamelala kivulini, na ghafla: pu! Hawe aliacha alichokuwa akikifanya. Alitutazama mmoja mmoja, taratibu, na kuuliza bila kupandisha sauti.

"Nani analia?"

Mtoto wa darasa la pili hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Niliamini kwamba kila kishindo ni baba. Nilijifunza kumeza kilio kabla hakijafika machoni; kuna namna ya kuusukuma ulimi juu na kushusha pumzi, na mpaka leo naijua. Hata nilipojikata kidole kwa kisu cha samaki nilisimama nikitazama damu ikidondoka, macho makavu, nikijivunia kwamba baba yuko salama chini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwetu mshindo wenyewe ulikuwa wa nazi.

Mama alikauka vibaya kuliko sisi. Alipika, alifua, alikwenda shamba, na maneno yake yakawa ya amri tupu: leta, weka, funga. Hakutuita majina. Hakutugusa ila kwa kazi, kama vile kunisuka nywele, na hata hapo alisuka akitazama juu ya kichwa changu. Sasa najua kwamba alikuwa amebeba chungu kilichojaa hadi ukingoni, na akiinama kidogo kingemwagika. Wakati ule nilidhani ametuchoka.

Kadzo ndiye aliyeshindwa. Machozi yalimtoka bila yeye kujua, akichambua mchicha, akifagia, akichochea moto. Hakutoa sauti, yalikuwa yakishuka tu. Alasiri moja alikuwa akipepeta mahindi na nazi ikaanguka, na Hawe alipouliza swali lake hapakuwa na haja ya jibu, maana ungo wote ulikuwa umeloa. Hawe hakumpiga wala hakumtukana. Alitikisa kichwa tu. Lakini mama aliinua macho akamtazama Kadzo, na mtazamo ule ulisema kitu ambacho mtu hapaswi kumwambia mwanawe. Kadzo aliuweka ungo chini, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amejipaka majivu chini ya macho ili yanyonye maji.

Haukupita muda mrefu Hawe akaota ndoto. Alimwona mwanawe amesimama mlangoni, kinywa wazi, akasema, "Mama, nina kiu." Kwetu ndoto ya namna hiyo haiachwi ikapita. Baba mdogo Charo alichonga koma, kipande kifupi cha mti mgumu cha kumwakilisha marehemu, chenye kichwa cha mviringo, akakichimbia nyuma ya nyumba pembeni ya koma ya babu. Kila jioni jua likielekea kuzama Hawe alikwenda pale na tembo, akamimina kidogo ardhini akimtaja mwanawe kwa jina, na linalobaki akaliacha katika kifuu cha nazi mbele ya koma.

Asubuhi kifuu kilikuwa kitupu.

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikwenda kukitazama kila siku kabla ya shule, nikakitia pua ndani, nikanusa. Baba alikuwa amekuja na kunywa, na aliyekunywa hana kiu. Nilianza kumwambia mambo yangu pale, habari za hesabu na za rafiki yangu aliyeniibia kalamu. Nilimwambia kwamba sijalia. Nilimuuliza kama amesikia.

Na Kadzo akaacha kulia. Macho yake yalikauka kabisa, yakawa mekundu na mazito. Nazi ziliendelea kuanguka lakini Hawe akimtazama hakuona kitu. Nilimwonea wivu kwa kupona haraka hivyo. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Tulilala kitanda kimoja, na asubuhi moja, alipokuwa akiniinamia kunifunga vifungo vya shati la shule, nilisikia pumzi yake. Ilinuka baba.

Sikuogopa. Nilifunga macho nikavuta hewa.

Kisha ukaja ule mchana wa mluzi. Ilikuwa Jumamosi, jua la utosini, wakati ambao hata watoto hukatazwa kuzurura kwa sababu si watu tu watembeao saa hiyo. Mama alikuwa akitwanga. Mluzi ulisikika kutoka upande wa mnazi wa baba, mluzi wake uleule, unaopanda mara mbili na kushuka kwa kukokota. Mchi wa mama ulisimama hewani. Nyumba ya pili mwanamke aliyekuwa bafuni aliacha kumwaga maji. Sote tulisikia.

Kadzo alikuwa amekaa chini ya mnazi, mgongo kwenye gogo, miguu imenyooka mbele yake kama ya mwanamume aliyechoka. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Wasichana wa kwetu hawapigi mluzi, na yeye alikuwa akipiga kama aliyezaliwa nao.

Hawe alimkaribia polepole akapiga magoti.

"U nani wewe?"

Kadzo alilamba midomo. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Nina kiu," alisema.

Hawe alianguka kifudifudi mbele yake. "Kazungu," alisema. "Kazungu mwanangu."

Nalitazama jambo hili kwa macho ya leo, na najua ambacho mtu yeyote mwenye pua angelijua: binti wa miaka kumi na mitano alikuwa amelewa chakari kwa tembo la jana lililochachuka. Lakini sisi harufu ile tuliijua kuwa ya baba. Tulikuwa watu wanne tuliokuwa hatujaongea tangu kifo, na sasa alikuwepo wa kuongea naye. Na mama, mama yangu aliyekuwa hatugusi, aliweka mchi chini, akaja, akaketi mchangani, akaushika mkono wa Kadzo akauweka shavuni kwake.

"Baba Kadzo," alimwambia, "umeniacha na nani?"

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikapata uhai wa ajabu. Alasiri nyingi, Kadzo akipiga mluzi, tuliacha kazi tukamzunguka. Hawe alimuuliza habari za babu na za waliotangulia. Kadzo alijibu kidogo sana: ndiyo, hapana, bado, nina kiu. Mama alimweleza kila kitu. Alimweleza kuku waliokufa kwa kideri, paa linalovuja, anavyogeuka kitandani akikuta ukuta. Alimfuta uso kwa pembe ya kanga. Alimlisha wali kwa mkono wake. Sauti ya mama ilikuwa laini hivi kwamba mimi nilisogea kuikalia karibu, kama mtu anayeota moto wa jirani.

Mara moja nami nikapewa nafasi.

"Baba," nikasema, "ukianguka unaumia?"

Kadzo alinitazama. Kwa muda mfupi macho yale mazito yakawa ya dada yangu kabisa.

"Siumii tena," alisema.

Nililala vizuri usiku huo.

Lakini hamu ya chakula ilimtoka. Alikonda, mikono ikawa inamtetemeka asubuhi akishindwa kufunga vifungo vyangu, akatapika maji ya manjano nyuma ya choo. Shuleni walimrudisha nyumbani, kisha wakaacha kumuulizia. Hawe alieleza kwamba mwili wa mtoto hauwezi kumbeba mtu mzima bila kuchakaa, na kwamba kiu ya marehemu ni kubwa. Akaongeza kifuu cha pili, kisha akawa anaacha kibuyu kizima.

Alfajiri moja niliamka mapema nikamwona. Nilikuwa nimesimama pembeni ya jiko. Kadzo alikuwa na debe lake la maji, akaenda moja kwa moja hadi kwenye koma, akapiga magoti, akainua kibuyu kwa mikono miwili akanywa bila kupumua. Alipomaliza alipangusa mdomo, akakirudisha palepale, mdomo wa kibuyu ukielekea koma kama Hawe alivyokuwa amekiweka. Mtoto mwingine angeelewa. Mimi nilielewa kwamba baba anatumia mdomo wa Kadzo kwa sababu wake umezikwa, nikarudi kulala nikishukuru Mungu kwa dada mwenye moyo wa namna hiyo.

Halafu akapanda.

Ilikuwa mchana tena, jua limepauka, bahari haisikiki. Tulikuwa tumengoja mluzi chini ya mnazi na haukuja. Kadzo alitoka nyuma ya nyumba amejifunga kanga kiunoni kama baba alivyojifunga shuka, akatupita bila kututazama, akaweka mguu katika kidato cha kwanza. Alipofika juu ya vichwa vyetu ndipo mluzi ukaanza.

Hawe alipiga makofi. "Anapanda," alisema, na machozi aliyotukataza yalikuwa yakimtiririka. "Tazameni, mwanangu anapanda wala haanguki."

Nami nilipiga makofi. Niliona nyayo za Kadzo zikiingia katika vidato vya baba moja baada ya nyingine, ndogo ndani ya nafasi kubwa, zikiteleza kidogo kila mara. Mluzi ulikuwa unakatika na kuunganika. Alikuwa amefika nusu ya mnazi nilipogeuka kumtazama mama, nikaona kwamba hapigi makofi.

"Kadzo," mama alisema.

Lilikuwa jina ambalo halijatoka kinywani mwake tangu matanga, ila likiwa limefungwa ndani ya jina la mumewe. Hawe alimshika mkono. "Usimwite huyo. Utamfukuza."

Mama aliutoa mkono. "Kadzo! Shuka mwanangu. Baba yako hakunywa tembo hata siku moja."

Mluzi ulikatika.

"Alinuka kwa kuligema tu," mama alisema, na sasa alikuwa akimwambia Hawe, na mimi, na mnazi wenyewe. "Tangu nimeolewa hakulitia mdomoni. Wewe mama unajua, umemzaa wewe. Tulijua sote. Kadzo, nishikie mti, shuka polepole."

Hawe aliinamisha kichwa. Aliutazama mchanga.

Kadzo alishuka, akilia kwa sauti kubwa kama mtoto mchanga, akiutafuta kila kidato kwa vidole. Alishuka sehemu kubwa ya mti. Vilipobaki vidato vichache mikono ilimlegea akaanguka juu ya mkono wake wa kushoto, na kile kishindo sikukitambua, ingawa kila nazi ilipoanguka nilidhani nimekisikia. Kishindo cha mtu si sawa na cha nazi. Kadzo alikuwa amejua hilo peke yake muda wote ule.

Katika hospitali ya Malindi alitupokea nesi mmoja wa bara, mwanamke mkubwa wa sauti kavu. Aliutazama mkono, kisha akainama akanusa pumzi, akanyooka.

"Mtoto huyu nani anampa pombe?"

"Si yeye anayekunywa," Hawe alisema kwa mazoea.

Nesi alimtazama Hawe, akamtazama mama, akavuta pazia. "Basi huyo anayekunywa mwambieni anaua ini la huyu," alisema, akaenda kutafuta plasta.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Walipokwisha kumfunga Kadzo mkono, na kileo kilipokuwa kimemtoka, alimwelezea mama kwa sauti ndogo jinsi ilivyoanza: kwamba alikwenda kwenye koma kumwomba baba asipande, akaonja lile tembo la kwenye kifuu kwa sababu lilinuka kama yeye, na machozi yakakatika. Kesho yake akaonja tena. Alikuwa anakunywa ili asilie, asilie ili baba asianguke. Hiyo ndiyo hesabu yake yote.

"Sikusema mimi ni baba," alisema. "Nilisema nina kiu. Halafu ukanishika."

Mama alijaribu kujibu na chungu kile kikamwagika. Alilia wodini mbele ya watu, akipiga paja lake, na Kadzo aliinuka kitandani kwa hofu akamziba mdomo kwa mkono wake mzima.

"Mama usilie. Usilie, atapanda."

Mama aliushika ule mkono akauteremsha.

"Baba yako alianguka mara moja tu," alimwambia. "Mara moja, Kadzo. Na wewe ndiye uliyesikia."

Kisha akampakata, msichana mrefu kuliko yeye, akamlaza kifuani akamwacha alie mpaka kanga ikaloa. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nililia pia, kwanza kwa woga, nikisikiliza, kisha bila kusikiliza.

Nataka kumalizia hapo lakini kuna jambo moja ambalo sijapata pa kuliweka. Siku zile Kadzo alipokuwa hospitalini mama alilala huko naye, nyumbani tukabaki mimi na Hawe. Hawe aliendelea kumimina kila jioni, bila kusema neno. Nami niliendelea kwenda asubuhi, mwenye akili mpya, nikitegemea kukuta kifuu kimejaa. Nilikikuta kitupu, kikavu. Siku iliyofuata vilevile. Huenda ni Hawe mwenyewe, huenda ni kuku au siafu. Nimejipa majibu yote hayo, na hakuna hata moja linalonikaa. Sikumwambia mtu. Mama aliporudi alikichukua kile kifuu akakitia motoni, na Hawe hakumzuia.

Kadzo alinikuta nimekaa juu ya gogo, akaja akaketi karibu yangu. Ana wajukuu sasa, na ule mkono wa kushoto haunyooki vizuri. Sitasema kwamba hakunywa tena. Alikunywa, akaacha, akarudi akiwa na watoto wadogo, akaacha tena, na kuacha kwake kwa mwisho kumedumu. Anasema kilichomchelewesha si tembo bali ni kujifunza kulia ukubwani, jambo ambalo ni gumu kama kujifunza kuogelea.

"Umelia," aliniambia, akinitazama macho.

"Kidogo."

Alikuwa akiupapasa mti kwa kidole, kidato kimoja kisha kingine. Minazi mingine, ile ya baba mdogo Charo, ilikuwa imesimama kimya, hakuna upepo, jua la utosini. Ghafla nyuma yetu: pu!

Kadzo hakugeuka. Alikunja uso, akakaza shingo, na kwa sauti ya Hawe kabisa akauliza, "Nani analia?"

Tulicheka. Tulicheka mpaka tukashikana, miwani yangu ikaanguka mchangani, machozi yakatushuka mashavuni sote wawili. Kisha, bila kuambiana, tukanyamaza kwa pamoja, tukainua nyuso na kusikiliza, tukiitazama ile nafasi tupu hewani ulipokuwa mnazi wa baba.